Sauti ya Bibi Mkubwa

Katika studio ile ya kuingiza sauti kulikuwa na sharti moja ambalo halikuandikwa popote, lakini kila aliyeshika kipaza sauti alilijua: sauti ya mtu aliye hai haitumiki. Ukitaka kuigiza mzee katili, mtafute aliyekufa. Mwalimu aliyekuchapa darasa la tatu, kama amekwisha kuzikwa, ni halali yako. Jirani mgomvi, kama bado anafungua mlango wake asubuhi, mwache. Tamthilia zilitoka nchi za mbali na lugha zake, lakini walioziingizia sauti za Kiswahili walikuwa watu wa mji uleule uliozitazama, na hakuna aliyetaka kukutana sokoni uso kwa uso na mtu aliyemwazima koo bila ruhusa.

Kasuku, mwanamke mmoja wa studio ile, alilishika sharti hilo miaka kumi na tisa. Mwaka wa ishirini alilivunja kwa makusudi, akiwa na akili zake timamu, na mpaka leo hajamwomba mtu radhi.

Jina la Kasuku alipewa na watu wa nyumba ya Bibi Mkubwa, tajiri wa mji ule, alipokuwa mtoto wa miaka sita, anakaa chini ya meza ya jikoni huku mama yake akipika. Alikuwa akiiga kila mtu: muuza mkaa, dobi, paka. Wenye nyumba walimwita sebuleni awaigie wageni, wakacheka, wakampa kipande cha mkate, wakamrudisha chini ya meza. Mama yake alikuwa mpishi wa nyumba ile miaka thelathini na mmoja. Mshahara wake ulikuwa chakula, chumba cha uani, na nguo kuukuu za Bibi Mkubwa. Hakuajiriwa; alikutwa. Mpishi huyo alizaliwa katika chumba hichohicho cha uani, na bibi yake aliletwa pale akiwa binti wa miaka tisa, amenunuliwa pamoja na mbuzi wawili na birika la shaba. Utumwa ulifutwa kwa sheria, karatasi ikasomwa mbele ya watu, lakini karatasi haikufika jikoni.

Kasuku ndiye wa kwanza kutoka. Alisoma, akapanga chumba mjini, kisha akajenga nyumba yake, akamchukua mama yake akae naye miaka yake ya mwisho. Akazaa binti mmoja, na binti akawa muuguzi. Hapo ndipo yalipotokea ya kutokea.

Mjukuu wa Bibi Mkubwa alimpenda muuguzi yule, naye alipendwa. Kijana hakuwa na tatizo. Wazee wakakutana sebuleni kwa Kasuku: mshenga, wajomba wawili wa kijana, na Bibi Mkubwa mwenyewe, ambaye alisema atakuja kumwona huyo binti kwa macho yake. Kiti kikubwa akapewa yeye. Akaitazama nyumba, akayatazama mapazia, akamtazama Kasuku, kisha akamtazama binti kuanzia kichwani hadi kwenye kucha.

"Hm-hm," akakohoa. "Huyu si mjukuu wa mpishi wangu?"

"Ndiye, Bibi," mshenga akajibu, anacheka kicheko cha kuomba amani.

"Basi mmenisumbua bure. Sisi hatuoi tulichonunua."

Alisema hivyo. Alisema mbele ya binti, ambaye alikuwa ameshika sinia la vikombe. Mshenga akaangalia viatu vyake. Wajomba wakaangalia dari. Na Kasuku, mwanamke aliyekuwa akilipwa kwa kusema, mwenye sauti arobaini kooni, hakutoa hata moja. Alibaki amekaa mdomo wazi mpaka wageni wakaondoka, na gari lao likasikika likipinda kona.

Kijana alipelekwa kusoma ng'ambo, akaandika barua mbili, akanyamaza. Binti hakulia mbele ya mtu. Usiku ule alisema neno moja tu: "Na wewe, mama, ukanyamaza."

Neno hilo Kasuku alikaa nalo miaka minne. Alilala nalo, akaamka nalo, akapanda nalo ngazi za studio. Na ngazi hizo, ili anayesoma aelewe kidonda kilivyokuwa kikitiwa chumvi kila siku, zilikuwa za mtoto wa kwanza wa Bibi Mkubwa, baba mkubwa wa yule kijana. Yeye ndiye mkurugenzi wa studio. Hakuwa mtu mbaya kwa tabia; alikuwa mtu wa kutotaka kujua. Habari ya posa aliisikia, akasema wazee wana mambo yao, akaendelea kumwita Kasuku "dada" na kumpa kazi.

Ndipo ikaja tamthilia ya utumwa. Vipindi ishirini na sita, vizazi vinne. Inaanza na msichana anayetekwa shambani kwa baba yake, inamalizika kwa kitukuu wake anayesimama mahakamani kudai ardhi. Katikati yupo mwanamke mwenye nyumba, bibi mmiliki, anayeingia kipindi cha tatu akiwa bibi arusi na kuishi mpaka anazeeka, akiamuru mtumwa, na mtoto wa mtumwa, na mjukuu wa mtumwa. Mkurugenzi akagawa sehemu. Yule bibi akampa Kasuku.

Studio ilikuwa chumba kidogo kilichobandikwa sponji na trei za mayai ukutani. Upande wa pili wa kioo alikaa fundi mitambo waliyemwita Vifungo, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuridhika.

"Haya, dada mkubwa," akasema kwenye spika siku ya kwanza. "Huyu bibi tunamtia sauti ya nani? Yule marehemu shangazi yako tuliyemtumia kwenye ile ya wachawi?"

"Huyu ana yake."

"Ya marehemu gani?"

"Washa mashine, Vifungo. Maswali utaniuliza mbele ya Mungu."

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye skrini yule bibi akamgeukia msichana wa kazi. Kasuku akakohoa, "hm-hm", akaachia: "Weeee! Umekufa huko?" na kumalizia kwa kuvuta pumzi kupitia meno, kama mtu anayeonja kitu kichungu.

Vifungo akatoa mkono kwenye vifungo vyake. Mama yake alikuwa amefua nguo za nyumba ile miaka minane.

"Dada," akasema polepole. "Huyo yuko hai."

"Najua."

"Mwenye studio atakufukuza."

"Mwenye studio hataijua."

Na kweli. Mkurugenzi alisikiliza kipindi kizima na visikilizio masikioni, akapiga meza kwa furaha. "Dada, umemtoa wapi mwanamke huyu? Nywele zimenisimama!" Hakumtambua mama yake. Kasuku alikuwa amelipima hilo zamani. Bibi Mkubwa alikuwa na sauti mbili: ya sebuleni, laini, ya kuitia wanawe na wageni, na ya jikoni. Ile ya jikoni wanawe waliisikia utotoni mwao wote kama mtu asikiavyo bomba la maji, bila kuisikiliza. Walioijua ni wale iliyowaamsha.

Kipindi cha tatu kilirushwa Alhamisi, saa moja jioni. Ijumaa asubuhi dobi alikutana na Kasuku njiani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, akaenda zake. Muuza mkaa alicheka mpaka akakaa kitako. Kufikia kipindi cha saba, wote waliowahi kufagia, kufua, kupika na kubeba katika nyumba ile walikuwa wakikusanyika mbele ya televisheni zao kama watu wanaongoja matokeo. Hawakumwambia mtu wa upande wa pili. Mji mzima uligawanyika kati ya wanaojua na wasiojua, na waliojua ni wale ambao hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua nini.

Siri ilipasuka kipindi cha kumi na nane. Bibi Mkubwa alikuwa sebuleni na wageni, televisheni imewashwa. Bibi wa kwenye skrini akaita: "Weeee! Maji yako wapi?" Na msichana wa kazi, aliyekuwa jikoni mikono imejaa povu, akaitika kwa sauti ya juu:

"Abee, Bibi!"

Akaja mbio na bilauri ya maji kwenye sahani. Akasimama mbele ya Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa hakuwa amefumbua mdomo.

"Nani amekuita?"

"Wewe, Bibi."

"Mimi nimekaa kimya hapa!"

Msichana akaiangalia televisheni. Wageni wakaiangalia televisheni. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamwangalia mwenye nyumba, na mgeni mmoja akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakimtetemeka.

Asubuhi yake mkurugenzi aliingia studio amefura.

"Dada, umenifanyia nini? Mama yangu amelala na presha!"

"Nimeingiza sauti. Uliipenda."

"Umemdhalilisha mama yangu mbele ya mji mzima!"

"Kwani nimesema ni nani? Mimi nimemsemea mwanamke wa kwenye tamthilia anayetesa watu. Aliyejitambua amejitambua mwenyewe."

"Tunabadilisha. Vipindi vyote vilivyobaki, sauti nyingine."

"Badilisha. Kituo kimekwisha kukusifu kwa maandishi kwa sauti hii. Waambie kwa nini unaibadilisha."

Akakaa. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini alikaa kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kasuku akafungua mswada wa kipindi cha kumi na tisa, kile kilichokuwa kinafuata kurekodiwa, akaweka kidole.

"Hapa mjukuu wa mtumwa anaposwa na mjukuu wa yule bibi. Bibi anakataa. Mtafsiri ameandika, 'Hapana, jambo hilo haliwezekani.' Mdomo wa yule mwigizaji unafunguka mara kumi na mbili, nimehesabu. Sentensi ya mama yako, ukiikata silabi, ina vipande kumi na viwili. Inaingia kama mguu kwenye kiatu chake."

Mkurugenzi aliijua sentensi hiyo. Akaufunga mswada.

"Usithubutu."

"Mama yako aliitamka sebuleni kwangu mbele ya watu watatu na mwanangu. Aje aitapike sebuleni kwangu mbele ya watu walewale na mwanangu. Akifanya hivyo, nitasoma kama mtafsiri alivyoandika, na nitambadilisha yule bibi kuanzia kipindi hicho nimpe sauti ya marehemu yeyote utakayemtaka. Neno langu ni moja. Asipokuja, Alhamisi ya kipindi cha kumi na tisa mji utasikia."

"Mama hawezi kuja kwako kuomba radhi. Unamjua."

"Namjua tangu nikiwa chini ya meza yake."

Lakini alikuja. Siku mbili baadaye, saa kumi alasiri, gari lile likapinda kona ileile. Mshenga alikuwepo, wajomba wawili walikuwepo, mkurugenzi alimshika mama yake mkono. Binti wa Kasuku alitoka zamu ya hospitali, akaja na sare yake, akasimama karibu na mlango. Safari hii hakushika sinia. Hakuna aliyepewa chai.

Kasuku alikuwa amesema moyoni kwamba akiyasikia maneno, yataisha. Watu wengi wanaozungumzia kisasi hawajui hili: mlipa kisasi wa kweli ni mtu wa haki kuliko msamehevu wa haraka. Anajua hasa anachodai, na akikipata anafunga mlango. Alikuwa tayari kuufunga.

Bibi Mkubwa akakaa kwenye kiti kikubwa bila kukaribishwa. Akanyoosha nguo magotini. Akawageukia mshenga na wajomba, akawapa uso wote.

"Wazee wangu," akasema kwa sauti ya sebuleni, laini kama maziwa. "Siku ile niliwaleta hapa mkasikia maneno yasiyopendeza. Umri nao ni ugonjwa. Mnisamehe kwa kuwavunjia heshima."

"Yamekwisha, Bibi," mshenga akadakia, anatweta kwa furaha. "Yamekwisha kabisa!"

"Sisi tulisahau siku ileile," mjomba mmoja akasema.

Wakapeana mikono. Mkurugenzi akashusha pumzi, akamtazama Kasuku kwa macho ya mtu aliyelipa. Bibi Mkubwa akaanza kuinuka. Muda wote huo hakuwa amemtazama Kasuku hata mara moja, wala yule aliyesimama karibu na mlango. Alikuwa ameomba radhi kwa waliosikia tusi. Aliyetukanwa hakumwona; alimpita kwa juu kama mtu anayepita juu ya ndoo.

"Bibi," binti akasema. "Na mimi?"

Mwanamke yule mzee akasimama. Akageuza shingo, polepole.

"Na wewe nini?"

"Mimi ndiye uliyeniambia."

"Hm-hm." Ikaja. Haikuwa ya sebuleni tena. "Weeee! Unazungumza na mimi umesimama hivyo? Nenda kalete maji!"

Na hapa lazima isemwe kilichotokea, ingawa Kasuku mwenyewe asingependa. Aliinuka. Mwanamke wa miaka arobaini na tisa, ndani ya nyumba aliyoijenga, aliinuka kwenye kiti chake, na mguu mmoja ukapiga hatua kuelekea jikoni kabla akili haijafika. Sauti ile ilikuwa imemwamsha mama yake na bibi yake. Iliyajua magoti yake kabla ya kujua jina lake. Alisimama katikati ya chumba, uso unawaka. Binti yake alikuwa amemwona. Bibi Mkubwa alikuwa amemwona pia, na pembeni ya mdomo wake likapita tabasamu dogo.

Tabasamu lile ndilo lililomponza.

"Mshenga," Kasuku akasema, "umesikia akimwomba mwanangu radhi?"

"Dada, jamani, ameshaomba..."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

Mshenga akarudi kwenye viatu vyake. Kasuku akafungua mlango, akaushikilia wazi.

"Karibuni tena Alhamisi," akasema. "Kwenye televisheni."

Kesho yake aliwahi studio kuliko mtu yeyote. Vifungo alimkuta amekwisha kuvaa visikilizio.

"Mkurugenzi amepiga simu," Vifungo akasema. "Anasema nisikufungulie mashine."

"Na wewe unasemaje?"

Vifungo akakaa. Akavuta kiti, akafuta kioo kwa shati, akajishughulisha na waya usio na tatizo. "Mama yangu vidole vyake havinyooki mpaka leo," akasema mwishowe. "Simu ilikatika. Mtandao mbovu, sikusikia vizuri. Tayari?"

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye skrini yule bibi, mzee sasa, amekaa kwenye kiti kikubwa, anamtazama binti anayeposwa. Kasuku akakohoa. Hakupaza sauti. Hakutia hasira hata tone, kwa sababu siku ile sebuleni hapakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Akaisema kama mtu anayekataa kuongezewa sukari: "Sisi hatuoi tulichonunua." Akavuta pumzi kupitia meno. Vipande kumi na viwili, mdomo ukafunga na sentensi ikafunga. Hawakurudia. Vifungo alikituma kipindi kituoni kabla ya chai ya saa nne, na mkurugenzi alipofika kilikuwa kimeshapokelewa na kupangwa.

Alhamisi ile waliojua na wasiojua walisikia kwa pamoja. Mshenga alikuwa ameketi na wakwe zake, na mmoja wao akamgeukia: "Si haya maneno uliyotusimulia wewe?" Wajomba hawakutoka nje siku tatu. Ng'ambo, kijana aliyeacha kuandika alitumiwa kipande cha video na marafiki saba tofauti. Akampigia simu muuguzi, na muuguzi akaitazama simu ikilia mpaka ikachoka. Kisha akaenda jikoni, akamkuta mama yake anamenya vitunguu, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya naye. Hakusema asante. Alisema, "Sasa umesema."

Kasuku alifukuzwa kazi Ijumaa, na Vifungo Jumatatu. Vipindi saba vilivyobaki alivisoma mwanamke mwingine mwenye sauti ya huruma, na watazamaji wakapiga simu kituoni kuuliza kama yule bibi ameokoka. Sasa Kasuku anasoma matangazo ya vifo na mikutano katika redio ndogo, na mapato yake ni nusu ya yale ya zamani. Wapo waungwana waliomfuata kumwambia kuwa amezidisha, kwamba mzee ni mzee. Anawauliza kila mmoja swali moja: mama yangu alipokuwa mzee, mlimwambia nani amezidisha? Wanakunywa chai yao na kuaga.

Miezi miwili baada ya hapo, yule msichana wa kazi alikuja kwake. Alikuwa ameacha kazi nyumba ile, anatafuta nyingine.

"Siku hizi kuko kimya kule," akasema. "Bibi haiti mtu. Akianza tu kukohoa, mtu yeyote aliye karibu anajiuma midomo. Hata wajukuu zake wanamwiga. Akafunga kinywa. Akitaka maji anayafuata mwenyewe."

"Mwenyewe? Mpaka jikoni?"

"Mpaka jikoni. Anashika ukuta."

Kasuku akafikiri. Kutoka kwenye kiti cha Bibi sebuleni kwake hadi kwenye mtungi wa jikoni ni hatua ishirini na moja. Mtoto anayekaa chini ya meza hana kazi nyingine ila kuhesabu miguu ya mama yake ikienda na kurudi. Msichana alikuwa akimwangalia, labda akingoja aone huruma, maana alikuwa bado mdogo na alidhani huruma huja yenyewe.

"Ana magoti mabaya, unajua," msichana akasema.

"Najua," Kasuku akasema. "Mwache atembee."